Ticha wa La Kwanza

Nilijitolea kwa sababu ya kukwepa ndoo. Niseme ukweli mapema, maana nikisoma insha za watu kuhusu kujitolea naona kila mmoja aliitwa na moyo wake. Mwaka 2016 nilikuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi wilayani Muheza, mkoani Tanga, shule ambayo sitaitaja, na wiki ile zamu ilikuwa yetu: la sita wote kuteremka bondeni kuchota maji, kumwagilia mchicha wa shule, halafu ndiyo kuingia darasani na sketi imelowa. Baada ya mchakamchaka mwalimu wa zamu akasimama mbele ya mstari akauliza, "Nani anaweza kwenda kumsaidia mwalimu wa la kwanza?" Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wa Rehema ukafuata. Rehema aliinua kwa sababu mimi nimeinua. Tulikuwa hivyo tangu chekechea.

Waliokuwa shuleni wanaikumbuka Januari ile. Mwishoni mwa 2015 serikali ilitoa waraka kwamba kuanzia mwaka mpya elimu ni bila ada mpaka kidato cha nne, na michango ya lazima marufuku. Wazazi waliokuwa wakisema "mwakani tukivuna" wakaleta watoto wote kwa mpigo. Wa miaka sita wakaja, wa miaka saba wakaja, na wakaja wengine wa tisa au kumi ambao tulizoea kuwaona nyuma ya mbuzi. Mkuu wa shule akagawa mikondo miwili, lakini mwalimu wa la kwanza alikuwa mmoja, hivyo mikondo ile ilikuwa miwili kwenye daftari la mahudhurio tu. Chumba kilikuwa kimoja. Siku ya kwanza Rehema alihesabu vichwa akafika mia na sitini na kitu, akaacha, kwa sababu wale wa nyuma walikuwa wakitambaa kwenda mbele na yeye alikuwa anawahesabu mara mbili. Madawati yalikuwa tisa. Ile kampeni ya madawati iliyovuma nchi nzima mwaka ule ilikuwa haijatufikia. Waliobaki walikaa sakafuni, miguu wameinyoosha, daftari juu ya mapaja.

Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, karibu kustaafu, sauti imemkauka. Alitutazama mlangoni kama mtu aliyeagiza gunia akaletewa mfuko wa nailoni. Akasema, "Haya. Mimi nashika ubao, nyie shikeni watoto."

Basi tukashika watoto. Mtu ambaye hajawahi kukaa na la kwanza anadhani kazi ni kufundisha. Kazi ni penseli. Mtoto wa la kwanza anavunja ncha ya penseli kila baada ya mstari mmoja, na akivunja hasemi, anakaa tu, au anachukua ya jirani, na hapo vita inaanza. Nilikuwa na nusu wembe niliouviringisha kwenye kipande cha kandambili, na kwa wiki mbili za kwanza ndiyo ilikuwa elimu yangu yote: kuchonga. Halafu kamasi. Halafu chooni, kumi kumi, na kuwahesabu wakati wa kurudi. Halafu vizibo vya soda vya kuhesabia, ambavyo asubuhi vinagawiwa mia na mchana vinarudi sabini. Kuna mtoto mmoja mpaka leo naamini alijenga nyumba kwa vizibo vyetu.

Lakini pia kulikuwa na mkono. Hiki ndicho nilichokipenda na sijui kukieleza vizuri. Unapiga magoti nyuma ya mtoto, unashika mkono wake ulioshika penseli, na mnaandika pamoja a ya kwanza. Mkono ule mwanzoni ni mgumu kama kijiti, unapingana na wewe. Unaandika a kumi, unaandika ishirini, halafu kuna mahali unahisi mkono umeanza kwenda wenyewe na wako umekuwa abiria. Unauachia. Yeye hajui kwamba umeuachia. Anaendelea.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili na hakuna kitu nilichokuwa nimewahi kukifanya kikafanana na hicho.

Mtaala wa la kwanza na la pili ulikuwa umebadilika mwaka mmoja nyuma, 2015. Masomo yalipunguzwa, mkazo ukawekwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwenye kusoma mtoto alitakiwa kuanza na sauti ya herufi, jina lake baadaye. Mwalimu wetu alikuwa amekwenda semina akarudi na jambo hilo, na alilisimamia kwelikweli. "Msiwaambie em. Hakuna em hapa. Semeni mmm." Sisi tulikuwa tumejifunza kwa wimbo: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, mpaka mwisho wa chati, unaimba huku unayumba. Tuliona mmm ni uzushi. Mwalimu akigeuka tu, tunawaimbisha watoto ba be bi bo bu, na darasa zima linaimba kwa raha, na anayepita nje anasema la kwanza wanasoma kweli.

Siku moja Rehema akafanya utundu. Akachukua fimbo ya ubaoni akaanza kuonyesha chati kutoka kulia kwenda kushoto. Bu kwanza. Darasa likaimba "ba." Akaonyesha bo, likaimba "be." Tulicheka mpaka machozi. Baadaye, tukiwa njiani kurudi nyumbani, Rehema akasema, "Lakini yule mwalimu alikuwa sawa, eti?" Sikumjibu. Mimi nilikuwa najiona mwalimu mzuri.

Sasa nifike nilipokuwa nazunguka.

Mwezi wa tatu mwalimu alianza kuitwaitwa ofisini. Takwimu zilikuwa zinatakiwa kila wiki: wangapi wameandikishwa, wangapi wana sare, madawati mangapi yamepungua. Akiitwa, alituachia darasa. Na siku moja akatuachia fimbo. Ilikuwa ya mpera, nyembamba, imechongwa vizuri. Hakuniambia nipige mtu. Alisema, "Wakipiga kelele, gonga ubao." Aliiweka mezani na mimi ndiye niliyeichukua, kwa sababu Rehema alikuwa anamfuta mtoto pua.

Kanuni za shule nchini mwetu ziko wazi kuhusu viboko. Mwenye ruhusa ni mkuu wa shule, au mwalimu ambaye mkuu amempa ruhusa kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kwenye kitabu. Nilikuja kuzisoma miaka mingi baadaye, chuo kikuu, na nilizisoma mara mbili nikitafuta mahali palipoandikwa mwanafunzi wa darasa la sita.

Kulikuwa na mtoto, nitamwita Shabani. Alikuwa mrefu kuliko wenzake na alikaa nyuma, karibu na ukuta. Hakuwa mtundu. Shida yake ni kwamba ukimwita haitiki. Unamwita mara mbili, mara tatu, anaangalia dirishani. Ukimfuata, ukasimama mbele yake, ndiyo anainua uso, na hapo anakutazama mdomo. Si macho, mdomo. Nilikuwa na pengo la jino mbele na nililijua sana pengo lile. Nikaamua kwamba Shabani ananidharau.

Siku hiyo nilikuwa naonyesha chati, safari hii kwa mmm na nnn, kama mwalimu anavyotaka, maana mkuu wa shule alikuwa anapitapita barazani. Nikamwonyesha Shabani na. Akasema, "Ma." Wenzake wakacheka. Nikasema, "Na." Akasema, "Ma." Nikamsogelea, nikasema kwa nguvu, "Naaa." Akanitazama mdomo, akasema taratibu, kama mtu anayenisaidia mimi, "Maaa." Darasa likavunjika kwa kicheko, na kicheko kile nilikisikia kama ni changu.

Nilimpiga mbili za mkononi. Alipoukunja mkono nikampiga moja ya mgongoni. Hakulia. Alijikojolea, pale pale sakafuni, na maji yakatambaa kwenye simenti mpaka kwenye daftari la mwenzake, na mwenzake akaliinua daftari juu bila kusema kitu. Rehema alitoka nje akarudi na mchanga kwenye kifuniko cha ndoo. Hakunitazama. Akamwaga mchanga, akafagia, akamtoa Shabani nje kwa mkono.

Mwalimu aliporudi darasa lilikuwa kimya kama msikiti. Akasema, "Leo mmewaweza."

Jumatatu Shabani hakuja. Jumanne hakuja. Kwenye daftari la mahudhurio, ambalo mimi ndiye niliyelishika, niliweka alama ya hayupo siku tano mfululizo, kwa mwandiko mzuri.

Kwa bahati mbaya yangu mama yake alikuwa anauza vitumbua njia panda, na mimi ndiye nilikuwa mteja wake wa kila asubuhi. Viwili, kwenye karatasi ya daftari kuukuu. Siku ile ya Jumatatu alinifungia kama kawaida. Nikasema ahsante mama, nikaenda, na vile vitumbua sikuvila. Nilimpa Rehema, naye akavigawa kwa watoto. Kuanzia Jumanne nikawa napita njia ya juu, ya mashamba ya michungwa, ndefu karibu mara mbili. Nilifika shule na viatu vyekundu vya udongo na tumbo tupu.

Bibi ndiye aliyenikamata, kwa hesabu. Tulikuwa tunakaa kwa bibi mzaa mama, na yeye hela yake aliijua hata ikiwa mfukoni mwa mtu mwingine. Wiki ya pili akaniita jikoni. "Hela ya vitumbua unaipeleka wapi?" Nikasema naila. "Unakula wapi? Mama Shabani ananiuliza mjukuu wangu ana nini, mbona siku hizi hapiti." Nikalia. Nilikuwa nimezitunza shilingi zote kwenye soksi. Nikamweleza yote, mpaka mchanga.

Bibi hakunipiga wala hakunigombeza. Alivaa khanga ya pili, akasema, "Twende." Ilikuwa saa moja jioni.

Mama Shabani alikuwa analoweka mchele wa kesho. Akamwamkia bibi, akatukaribisha kwenye mkeka. Shabani alikuwa pale, anamenya mhogo na wadogo zake, na aliponiona akahamia nyuma ya nyumba. Bibi akasema, "Nimemleta huyu. Ana neno." Halafu akanyamaza, na nikajua hatanisaidia.

Nikasema mimi ndiye niliyempiga Shabani.

Mama Shabani akasema, "Najua. Nilimwuliza kapigwa na mwalimu gani, akaniambia yule mdogo."

Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza. Alinifungia vitumbua akijua.

Akatueleza kwa sauti ya kawaida kabisa, huku mkono umo kwenye beseni la mchele. Shabani aliugua surua akiwa na miaka mitatu, ikamwachia masikio. La kushoto halisikii. La kulia linasikia, ila mara kwa mara linatoa usaha, na likiwa limejaa nalo halisikii vizuri. Wakati ule lilikuwa limejaa. Ndiyo maana alichelewa kumwandikisha. Na siku ya kumwandikisha alimwambia mwalimu, na mwalimu akamwahidi kwamba atamkalisha mbele, upande wa dirisha, sikio la kulia liwe kwa ubao.

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Mwalimu alikuwa ametimiza ahadi. Shabani alianza mwaka akiwa mbele. Tuliomtoa pale ni sisi, mimi na Rehema, wiki ya pili tu, tulipoambiwa tuwapange. Tuliwapanga kama tulivyopangwa sisi: wafupi mbele, warefu nyuma. Tena mimi ndiye niliyemshika bega nikamsogeza. Na mwalimu, mwenye watoto mia na sitini na kitu, hakuona kwamba mmoja amehama.

Nimewahi kuisimulia habari hii kwa watu wa kozi yangu, na majibu huwa ya aina mbili. Wapo wanaosema ulikuwa mtoto, kosa ni la mwalimu aliyekuachia fimbo, na nyuma yake kosa la wizara. Wapo wanaosema mambo haya yapigwe marufuku kabisa, mwanafunzi asifundishe mwanafunzi. Majibu yote mawili yananipa nafuu, na ndiyo maana siyaamini sana.

Kwanza, jambo lenyewe ni la kale mno kupigwa marufuku. Pwani hii mtu aliyesoma chuo cha Kurani anajua. Alasiri mimi mwenyewe nilikuwa chuoni, na pale mkubwa kumsikiliza mdogo ndiyo ulikuwa mwendo; zamani aliyemsaidia mwalimu alikuwa na cheo kabisa, akiitwa khalifa. Lakini kuna tofauti niliyoichelewa kuiona. Chuoni mtoto anakuja kwako na juzuu yake, amefika alipofika yeye, mnakaa goti kwa goti, anasoma unasikiliza. Unamsikia mmoja. Hakuna aliyewahi kuniambia nisimame mbele ya chuo kizima.

Waingereza nao walijaribu. Andrew Bell, aliyekuwa msimamizi wa shule ya yatima kule Madras, India, aliwaona watoto wakifundishana herufi kwa kuchora kwenye mchanga, akaichukua njia hiyo, akaandika kitabu mwaka 1797. Mwaka uliofuata kijana mwingine, Joseph Lancaster, alifungua shule Borough Road, London, na akafika mahali pa kufundisha mamia ya watoto na mwalimu mmoja tu, wakubwa wakiwafundisha wadogo kwa safu, kama jeshi. Ilisifiwa sana kwa sababu ilikuwa rahisi kwa mfuko. Lancaster hakupenda kiboko, jambo la kushangaza kwa wakati wake. Badala yake aliwafunga watoto wakorofi magogo shingoni na kuwatundika wengine darini ndani ya vikapu ili wenzao wawacheke. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Alijua vizuri alichokuwa anafanya yule bwana. Kicheko kile cha darasa, mimi ninakijua.

Na sisi wenyewe tuna historia yetu. Mjomba wangu mkubwa alimaliza la saba miaka ile ya Azimio la Musoma, 1974, TANU ilipoamua kwamba elimu ya msingi iwe kwa watoto wote ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana waliomaliza la saba, mjomba akiwa mmoja wao, akapewa darasa kijijini huku naye akijifunza ualimu kazini, kwa vitabu alivyotumiwa na vipindi vya redio. Watu waliwatania: UPE, wakasema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Mjomba utani huo haukuwahi kumchekesha. Miongo baadaye, shule za kata zilipoota kila kona, vijana wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakatupwa madarasani, nao wakabandikwa jina, vodafasta. Kila mara nchi inapofungua mlango wa shule kwa upana, anayesimama mlangoni kupokea watoto ni mtoto mwenzao aliyewatangulia kidogo. Mimi na Rehema tulikuwa kwenye foleni hiyo bila kujua.

Nilipomweleza mjomba habari ya Shabani aliniuliza swali moja tu. "Ulikuwa unawaogopa?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi nilikuwa nawaogopa. Sitini, na mimi nina miaka kumi na saba. Nilichapa sana mwaka ule." Halafu akabadilisha mazungumzo, akauliza bei ya machungwa.

Shabani alirudi wiki ya tatu. Bibi alikwenda kwa mwalimu, sijui walizungumza nini, ila fimbo sikuiona tena na mimi sikufukuzwa, jambo lililonishangaza na kuniuma. Ningependa kufukuzwa. Mwalimu aliniambia tu, "Mrudishe alipokuwa." Nikamrudisha mbele, upande wa dirisha. Mama yake alimpeleka zahanati akapewa dawa ya matone, na kwa muda sikio lile lilikauka.

Ningependa niseme kwamba nilikaa naye nikamfundisha kusoma. Hakukubali. Nikimsogelea na wembe kuchonga penseli yake, anaificha mgongoni, anangoja Rehema. Penseli yangu hakuitaka, mkono wangu hakuutaka. Kwa hiyo ni Rehema. Na Rehema, ambaye aliinua mkono mstarini kwa sababu mimi nimeinua, aligundua jambo ambalo mimi nilikuwa nimelitazama miezi miwili bila kuliona. Mtoto anakutazama mdomo kwa sababu anasoma huko. Akakaa mbele yake, uso kwa uso, akafumba midomo kabisa: mmm. Halafu akaifungua, akaweka ulimi nyuma ya meno, akauonyesha kwa kidole: nnn. Midomo imefungwa, ma. Midomo iko wazi, ulimi juu, na. Kwa masikio mabovu sauti hizi mbili ni kitu kimoja; kwa macho ni mbingu na ardhi. Shabani alimtazama. Akafungua mdomo, akaweka ulimi juu, akasema na. Rehema hakupiga makofi wala nini. Akasema, "Haya, mama." Akasema mama. "Haya, nana." Akasema nana, akacheka, kwa sababu ni neno la ajabu.

Mimi nilikuwa hatua mbili pembeni nikichonga penseli za watu wengine.

Kuna gharama nyingine ambayo wanaosifia mipango hii hawaitaji. Muhula ule nilishuka hisabati kutoka nafasi ya nne mpaka ya thelathini na moja. La sita walikuwa wanafundishwa sehemu na desimali wakati mimi nahesabu vizibo. Baba alipokuja kutoka Korogwe na kuiona ripoti alisema, "Nilikupeleka shule ukasome. Mshahara wa kufundisha uko wapi?" Alikuwa na haki. La saba ilinibidi nikeshe na kibatari kuzirudia zile sehemu, na mpaka leo nikiona sehemu mbili zenye asili tofauti nasikia harufu ya mafuta ya taa. Rehema yeye hakuzirudia. Hakuchaguliwa kwenda sekondari. Anauza nguo za mtumba Tanga mjini na ana mtoto wa kike, na sijawahi kuona mtu anayefaa zaidi kuwa mwalimu wa la kwanza. Nisisingizie vizibo peke yake. Kwao kulikuwa na mambo mengine. Lakini asubuhi zile alizokuwa anamwonyesha Shabani ulimi hakuna aliyemfundisha yeye desimali, na sioni jinsi ya kulizunguka hilo.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo kama wakubwa waende kuwasaidia wadogo, nasema waende. Saa moja, baada ya vipindi vyao. Wachonge penseli. Wapige magoti nyuma ya mtoto mmoja washike mkono. Wasikilize mmoja akisoma, mpaka mwisho wa ukurasa, hata akikosea. Wasipewe mstari wa kupanga, wala ubao, wala fimbo, wala daftari la mahudhurio, na mwalimu awepo chumbani. Najua wakuu wa shule watakaosoma hapa watacheka, kwa sababu shida yenyewe ilianza na mwalimu kutokuwepo chumbani.

Mwaka jana mwezi wa nane nilishuka kwenye basi stendi ya Muheza, Jumamosi, natoka chuo. Vijana wa machungwa walikuwa wameliwahi basi kama kawaida, sinia kichwani, wanagonga madirisha. Mmoja mrefu alikuwa amesimama pembeni, amenipa mgongo, anapanga machungwa yake mafungu mafungu. Nilimjua kwa shingo. Nikaita, "Shabani." Kimya. Nikaita tena, "Shabani!" Kimya, anapanga tu, na nitakiri kwamba kwa nusu sekunde kile kitu cha zamani kilinipanda kifuani, kile kile, hai kabisa.

Nikazunguka nikasimama upande wake wa kulia.

"Shikamoo, ticha," akasema, akinitazama mdomo.

"Marahaba. Unasoma?"

"Cha tatu. Jumamosi nauza." Akaniwekea machungwa kwenye mfuko. Nilihesabu kumi, akaongeza moja, nikatoa elfu, akatafuta chenji ambayo haikuwepo.

"Acha," nikasema.

"Hapana, subiri," akasema, na akamfuata mwenzake kuvunja noti.

Nikasubiri.